Ross Barnes: aliangushwa na sheria au na homa?

Ligi ya National ya Marekani ilipoanza mwaka 1876, hakuna aliyepiga mpira wa besiboli kama Ross Barnes wa Chicago White Stockings. Wastani wake wa mapigo yaliyofaulu ulikuwa .429, yaani karibu 43 katika kila majaribio 100, na katika mechi 66 alifunga pointi 126. Mwaka uliofuata alicheza mechi 22 tu, wastani ukaporomoka hadi .272, na makali yale hayakurudi tena.

Maelezo yanayopendwa zaidi ni ya sheria. Enzi hizo mpira ukigusa ardhi kwanza ndani ya mistari ya uwanja ulikuwa halali, hata ukichepuka nje kabla ya kufika kituo cha kwanza au cha tatu, vile vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia. Barnes alikuwa fundi wa ujanja huo: anaukata kwa gongo, unadunda mbele yake, kisha unatorokea pembeni, walinzi wanabaki kuufukuza huku yeye anakimbia. Mwaka 1877 mwanya ukazibwa. Wapenzi wa soka wakumbuke 1992, makipa walipokatazwa kudaka pasi ya nyuma ya mwenzao, wapo walioumbuka.

Hadithi tamu, lakini inaruka jambo moja: mwaka huohuo Barnes aliugua homa kali iliyomweka nje sehemu kubwa ya msimu. Klabu ikakataa kumlipa mshahara wa kipindi alichokuwa mgonjwa, akaishtaki, akashindwa. Kwangu kesi hii ina uzito kuliko takwimu. Watu wawili hawaburuzani mahakamani kuhusu mshahara wa siku za ugonjwa kama tatizo lilikuwa gongo tu.

Hata hivyo, wanaoilaumu sheria wana hoja ambayo si rahisi kuipangua. Barnes alirejea kwenye ligi akiwa na Cincinnati mwaka 1879, miaka miwili baada ya homa, akiwa hajafikisha miaka 30. Wastani: .266. Akajaribu tena Boston 1881, akapata .271. Kama homa ndiyo iliyomwangusha, mbona muda haukumwinua? Jibu langu ni kwamba mchezo wake ulitegemea miguu na wepesi, na zipo homa zinazoondoka na nguvu za mtu moja kwa moja. Lakini nakiri, hapo nakisia. Pengine sheria ilimnyang'anya silaha moja, na mwili uliodhoofika ukakosa uwezo wa kutafuta nyingine.

Mjadala huu una gharama yake. Anayeamini kuwa Barnes aliishi kwa mwanya wa sheria huzifuta pia enzi zake za Boston Red Stockings, klabu iliyotwaa ubingwa miaka minne mfululizo, 1872 hadi 1875, yeye akiwa mlinzi wa kituo cha pili. Hilo silikubali. Mwanya ulikuwa wazi kwa kila mpigaji, na bado wachache mno walimkaribia.

Jumba la Mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown linadai misimu 10 ya kucheza. Barnes ana tisa. Addie Joss, mrushaji wa Cleveland aliyefariki kwa ugonjwa mwaka 1911, naye alikuwa na misimu tisa. Kwake kanuni ililegezwa, akaingizwa mwaka 1978. Barnes, aliyefariki mwaka 1915, bado yuko nje.