Bibi aliyetoka bara

Nyumbani kwetu Unguja nasaba ya upande wa baba husomwa kama mtu aliyehifadhi juzuu. Fulani bin fulani bin fulani, majina saba kwenda juu, mpaka inafika Omani na kutua kwenye kijiji chenye jina lake. Ukiuliza mama yake babu alikuwa nani, unapewa maneno matatu tu: "Huyo alitoka bara." Hatajwi jina wala kabila, na kaburi lake hakuna anayeweza kukuonyesha.

Mimi na dada yangu ni baba mmoja mama mmoja. Yeye katoka maji ya kunde, nywele za singa zinazomfika mgongoni. Mimi mweusi tii. Kwenye maharusi wanawake walimshika kidevu wakamwambia kama Mwarabu, kisha wakanigeukia mimi: "Na huyu kamchukua nani?" Nililisikia swali hilo tangu sijaanza skuli. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba kila mtu pale alikuwa na jibu, na kwamba jibu lenyewe ndilo lililokuwa likiwachekesha.

Watu wetu wengi husema ubaguzi wa rangi uliletwa na Mzungu. Yako mengi aliyoyaleta, hilo silibishi. Lakini nendeni mkasome kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, yaani mjakazi anayewekwa na bwana wake kama mke, wa Kicherkezi, watu weupe wa milima ya Kaukazi, aliyetekwa angali mtoto. Kitabu cha Salme kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na ndani yake ameliweka wazi jumba la baba yake: lugha chungu nzima, Kiarabu kikizungumzwa mbele ya Sayyid, na akigeuka tu kila mtu anarudi kwenye ya kwao. Masuria wa Kicherkezi, anasema, hawakukubali kula pamoja na wa Kihabeshi. Walijua bei yao na walijua weupe wao. Watoto wa Kihabeshi nao wakawalipa ndugu zao kwa kuwaita paka, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Hawa wote ni watoto wa mtu mmoja! Kwa hesabu ya Salme, Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na wote mama zao walikuwa masuria. Hapakuwa na hata mmoja kati yao ambaye hakuwa chotara. Bado mama zao hawakuketi sinia moja, kwa sababu ya rangi.

Na kumbe rangi haikuamua kila kitu, ndiyo maana kisa chao kinanikaa moyoni. Majid, aliyerithi Unguja, mama yake alikuwa Mcherkezi, tena mtu wa karibu sana wa mama yake Salme. Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi. Barghash alipotaka kumpindua Majid mwaka 1859, Salme, binti wa Kicherkezi, alisimama na Barghash na ndiye aliyemwandikia barua za njama. Akashindwa kwenye njama ile, na mwaka 1866 akakimbia nchi, akaolewa na Mjerumani mfanyabiashara. Huko Hamburg yule aliyeitwa paka kwa weupe wake akawa mtu wa kukodolewa macho kama kiumbe cha ajabu. Ningetamani kusema kwamba hilo lilimfundisha. Sivyo. Sura yake juu ya utumwa inauma kuisoma: anautetea, na Waafrika weusi anawasema kwa dharau. Nampenda Salme kwa ujasiri wake, na ukurasa ule siusamehe.

Sheria ilikuwa upande wa watoto. Suria akimzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye anakuwa huru. Mtoto wake ni muungwana tangu siku anayozaliwa, anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Wapo wanaoitaja sheria hii kwa fahari, kwamba sisi hatukuwa kama Marekani, ambako mtoto wa mtumwa na bwana alibaki mtumwa. Ni kweli, na ni tofauti kubwa. Ila tazameni ilivyofanya kazi. Mtoto alipandishwa kwa baba, na ili apande vizuri, mama ilibidi afifie. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye msafiri wa Kizungu Stanley alipokutana naye mwaka 1876 aliona mtu mweusi kabisa wa sura, aliitwa Mwarabu na hakuna aliyebisha, maana nasaba ya baba ilikuwa imenyooka. Wanawake wa bara walioutia weusi ule katika ukoo, nani anawataja?

Kwa hiyo mimi naona hivi. Tulipowafuta mama kwenye nasaba, ngozi ndiyo iliyobaki kuwakumbuka. Shajara unaweza kuikata mahali unapotaka, lakini mtoto mweusi akizaliwa katika nyumba ya "Waarabu" anakuja na bibi yake mkononi, anamweka katikati ya sebule mbele ya wageni. Ndicho wanachokicheka. Ndicho wanachokiogopa pia, na mkorogo unaouzwa madukani kwa vikopo unasugua mbali zaidi ya uso.

Hata uhuru uliwafikia masuria nyuma ya wengine. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, wakahesabiwa kama wake. Ilipita miaka 12 mpaka amri ya 1909 ilipowapa na wao haki ya kujidaia uhuru. Bibi yetu, naye suria, kwa hesabu ninayoweza kuifanya mimi, aliishi katika miaka hiyo. Wanaume watumwa wa shamba la bwana wake walikuwa na haki ya kwenda mahakamani kuomba barua zao za uhuru. Yeye alikuwa ndani.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikutana na dharau ya aina hiyo. Alipotoka Fumba kuja mjini walimwimbia kwamba alikuja na kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa na mafukara, na kwamba kama si sauti angekula nini. Alijibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo linaimbwa mpaka leo na watu wanalishangilia, kisha wanarudi nyumbani kumchagulia kijana wao mchumba "mweupe kidogo".

Mwaka juzi nilimfuata shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka zaidi ya 80, nikamwuliza tukiwa wawili tu. Nilianza na shikamoo, nikamkandakanda miguu kama anavyopenda, nikasema, "Shangazi, yule bibi aliyetoka bara aliitwa nani?" Alinambia niache mambo ya zamani. Nikaendelea kukanda. Adhana ya alasiri ikapita. Akaomba maji, akanywa, akatazama mlangoni kama kuna mtu.

"Zafarani," akasema.

Ni jina zuri, lakini ni jina la kitumwa, la vitu vya thamani vya dukani, kama Tufaha na Faida. Nikamwuliza na la kwao, lile alilopewa na mama yake kabla ya kuchukuliwa.

Shangazi akasema hilo Zafarani mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu.