Mikono Inayojifunza Kugusa

Mwanakondoo amekufa. Gheorghe, kibarua kutoka Romania, anachukua kisu na kumchuna taratibu, kisha ile ngozi anamvisha mwanakondoo mwingine aliye dhaifu, ili kondoo aliyefiwa anuse harufu ya mwanawe na akubali kumnyonyesha. Johnny, kijana wa shamba hilo la Yorkshire, Uingereza, yuko kando anatazama. Kwangu mimi, mapenzi yote ya God's Own Country, filamu ya Francis Lee ya mwaka 2017, yanaanzia kwenye mikono ile.

Maana Johnny hajui kugusa. Mara ya kwanza wanakutana kimwili matopeni, kwa pupa, utadhani wanapigana. Amezoea kumaliza haja yake na kuondoka, hataki hata kubusiwa. Safari nyingine Gheorghe anaushika mkono wake, anamtuliza, anamfundisha kwamba uso wa mtu hupapaswa. Lee ni mzaliwa wa mashamba ya huko huko, na aliwapeleka waigizaji wake wakafanye kazi shambani kwanza. Inaonekana. Mikono inayozalisha kondoo ndiyo hiyo hiyo inayofika kitandani.

Najua wapo wanaotaka mapenzi ya filamuni yaishie mlangoni. Uchi wa kuuzia tiketi hata mimi siupendi. Lakini uchi na ukaribu ni vitu viwili. Mwongozaji Michael Winterbottom alionyesha tendo lenyewe, bila kuigiza, katika filamu yake 9 Songs ya 2004, na bodi ya Uingereza inayokagua filamu ikaipitisha kwa watu wazima bila kukata kitu. Niliitazama mpaka mwisho, na wale wapenzi wawili sikuwafahamu.

Weekend, filamu ya Andrew Haigh ya 2011, ilitengenezwa Nottingham kwa pesa kidogo, na sehemu kubwa imo ndani ya fleti moja ghorofani. Usiku wa kwanza wa Russell na Glen, wanaume wawili wa filamu hiyo, hatuonyeshwi. Asubuhi Glen anatoa kinasa sauti, anamtaka Russell asimulie walichofanya. Russell anababaika, anatafuta maneno, macho chini. Pale nilimjua kuliko ambavyo ningemjua akiwa mtupu. Bajeti ndogo ilimwachia Haigh watu wawili na chumba, naye akawapa muda wa kuzungumza.

Gheorghe naye anapoondoka, sweta yake inabaki. Johnny anaivaa, harufu ya mwenzake ingali ndani yake, kama yule mwanakondoo.