Virusi havionekani, sawa. Na presha je?

Kuna jambo linaniudhi kila nikitoka kliniki. Nasomewa majibu ya wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) kwenye damu, "havionekani", tunapongezana, napewa dawa za miezi 6, kwaheri. Hakuna aliyenipima presha. Hakuna aliyeuliza kama usingizi unakuja, magoti yakoje, au nyumbani naishi na nani. Kirusi kikilala, basi mimi ni mzima.

Sibezi kutoonekana kwa virusi. Anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na hilo limeturudishia ndoa na heshima. Ila mimi nimeshavuka miaka 50, na kitakachoniondoa huenda kisiwe VVU. Huenda ikawa presha, sukari au figo, kama jirani yangu yeyote, tena kwangu vinaweza kuwahi kubisha hodi. Hata virusi vikidhibitiwa, kinga ya mwili haitulii kabisa. Inabaki inapigana chinichini mwaka baada ya mwaka, na mishipa ya damu na moyo ndivyo vinavyoumia. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao REPRIEVE, uliofanywa kwa watu wenye VVU wa miaka 40 hadi 75: waliomeza pitavastatin, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, walipungukiwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 35. Na hao hawakuwa wagonjwa wa moyo. Sasa niambie, ni wangapi kati yetu wamewahi kupimwa hayo mafuta?

Halafu kuna makovu ya dawa za zamani za VVU. Waliotumia stavudine wanajua ninachosema: miguu kuwaka moto usiku, ganzi, mashavu kuingia ndani mpaka mtaa mzima unajua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Mishipa ya fahamu haisomi waraka; wengine ganzi wanayo hadi leo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuficha. Kwenye kliniki ya VVU tuko wazi, tukienda kwa daktari wa mifupa au wa kisukari tunanyamaza. Matokeo yake unaandikiwa vidonge vya kalsiamu, unavimeza asubuhi na dolutegravir, dawa yako ya VVU, tumbo likiwa tupu, kalsiamu inaishika dawa na kuizuia isiingie vizuri mwilini. Ukivimeza vyote pamoja na chakula hakuna neno. Bila chakula, dolutegravir itangulie kwa saa 2, au isubiri saa 6 baada ya kalsiamu. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu ndizo mbaya zaidi: hizo zitenganishe hivyohivyo hata kama umeshiba. Na mwenye kisukari anayetumia metformin lazima daktari ajue, kwa sababu dolutegravir hupandisha kiwango cha metformin mwilini na dozi yake huwekewa kikomo. Aibu ya dakika 2 mbele ya daktari mgeni ni nafuu kuliko hayo yote.

Wanawake wenzangu wana yao. Ukiamka shuka limelowa jasho, moyo unakimbilia kifua kikuu au dawa kugoma, maana ndivyo tulivyofundishwa enzi zile. Katika umri huu huenda hedhi ndiyo inayoaga. Jasho hilo lichunguzwe, lisikisiwe. Na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kisiachwe eti "mambo hayo yamekwisha": saratani hiyo hutupata takriban mara 6 zaidi ya wasio na VVU. (Mambo hayo, kwa taarifa ya washauri nasaha, hayajakwisha. Tuulizeni.)

Jingine ni pesa. Dawa tatu za VVU kwa pamoja zilithibitisha nguvu zake mwaka 1996, na kwa wengi wetu zilichelewa kufika. Kabla ya hapo, nani angeweka akiba ya uzeeni? Watu waliuza walichonacho, wakaacha masomo, wakagawa vitu kabisa. Kisha hawakufa. Leo wana mvi, wana wajukuu, akiba hawana, na bado wanaambiwa washukuru kwa kuwa hai. Wanashukuru. Kodi ya nyumba nayo inadaiwa.

Ninachotaka si kikubwa: siku ya dawa iwe siku ya presha, sukari na figo, foleni moja, kadi moja. Mpaka hapo mimi sinyanyuki kitini kabla sijapimwa presha; muuguzi ameshanizoea.

Nyumbani nako kuna kazi. Kumbukumbu zikianza kunitoroka, nani atajua kidonge kipi ni cha nini? Nimemwambia binti yangu mkubwa kila kitu. Aliuliza tu saa za kumeza, akaziandika kwenye simu yake, sasa ananigombeza nikichelewa.