Pombe Haina Mikono

Jumamosi nilialikwa kumpokea jirani aliyemaliza miezi mitatu kwenye kituo cha kurekebisha tabia, hapa nje kidogo ya Nakuru mjini. Hema, pilau, soda, wazee wa kanisa. Mshauri wa kituo akashika maikrofoni, akamgeukia mke: "Mama, sasa kazi ni yako. Usimkasirishe, asije akarudia chupa." Watu wakapiga makofi. Mimi pilau ilinikwama.

Kazi ni yake? Huyu aliyekopa chamani ili bwana alipiwe matibabu? Huyu ambaye ploti nzima tunajua kwa nini huvaa sweta Februari, jua likiwaka na vumbi likitimka?

Nikamfuata mshauri. Miezi yote hiyo, mlimuuliza hata mara moja kuhusu kumpiga mkewe? "Hayo ni ya nyumbani. Sisi tunatibu uraibu, pombe ikitoka na hayo yatatoka."

Haya. Jirani huyo akitoka kwa mama pima, muuza pombe, usiku, alikuwa akimpita chifu na kumsalimu kwa heshima zote. Akiwapita watu wa boda waliokuwa wakimdai, hata sauti hapandishi. Landilodi aliyemtukana mbele ya wapangaji, anampa mkono. Akifika kwake na mlango ukifungwa, ndipo pombe inampanda! Pombe yenye adabu kweli: inajua wa kuogopwa na wa kupigwa, inajua mahali nguo itafunika, na televisheni haijawahi kuigusa.

Sawa, ulevi ukipungua vipigo navyo mara nyingi hupungua, siwezi kubisha. Lakini kupungua si kwisha. Kupekua simu ya mke, kudai hesabu ya kila shilingi ya M-Pesa, kumzuia asiende kwao Bahati, hayo yote aliyafanya asubuhi, hajaonja tone. Na miezi ya kwanza ya kuacha usingizi ni wa shida, kiu inarudi, hasira iko karibu. Huyo ndiye tunamrudisha chumba kimoja na mke, halafu mke anaambiwa asimkasirishe. Akirudia chupa, mwenye kosa ameshatangazwa mapema.

Wapo wanaume wanaopigwa pia. Wasaidiwe. Leo siwaandikii.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Bungoma, 62. Sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani tunayo tangu 2015, na inamruhusu mke kuomba agizo la ulinzi mahakamani. Sijui ni mshauri gani wa uraibu huwa anamwambia.

Uingereza kuna programu iitwayo ADVANCE, ya wanaume walio kwenye matibabu ya uraibu na ambao pia huwadhulumu wake zao. Mwanamume anaketi vikaoni kushughulikia ukatili wake, na mwanamke naye anapewa mtu wa kumsaidia. Hakuna anayekabidhiwa mume kwa makofi.

Hata bila pesa za Uingereza, fomu ya kuingia kituoni inaweza kuongezwa swali moja. Mke naye aitwe aulizwe, awe peke yake. Mume akiwa ameketi pembeni, mke atajibu "tuko sawa tu", na nyote mnajua kwa nini.