Kosa Likitokea, Liacheni Lipige Kelele

Wiki iliyopita niliitwa kuangalia fomu ya usajili ya mtandaoni ambayo wenyewe waliniapia kwamba haina shida. Mama mmoja alikuwa ameijaza mara tatu. Kila mara aliona maandishi ya kijani, "Imehifadhiwa", na kila alipoulizia aliambiwa jina lake halimo. Mwisho wakamwambia huenda anakosea yeye.

Hakukosea. Nilifungua zana za kivinjari, sehemu ya mtandao, nikajaza fomu kwa jina refu kama lake. Seva, kompyuta inayopokea fomu, ikajibu 200, yaani mambo safi. Nikafungua jibu lenyewe, nikakuta JSON, yaani maandishi ambayo programu hupeana data, imeandikwa "ok": false, yaani haikufaulu. Kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya data, sehemu ya jina ilitengewa herufi 30 tu. Jina likizidi hapo linakataliwa, na kanzidata ilikuwa ikisema wazi kwamba imelikataa. Ila aliyeandika msimbo alilidaka kosa kwa catch tupu, yaani kidaka-makosa kisichofanya lolote ndani yake, hakuliandika popote, akarudisha 200 ili mtumiaji asiogope.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Kuongeza ukubwa wa sehemu ya jina ni kazi ya dakika tano. Kulificha kosa ndiko kulikowapotezea watu miezi miwili. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huku kwetu anayelia ni mtu mwingine kabisa, asiyejua hata kama kuna seva.

Namba za HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, zina kazi yake. Za 400 zinasema ombi lina kasoro, za 500 zinasema seva imeshindwa. Ukirudisha 200 kwa kila kitu, hata mfumo wa ufuatiliaji unaamini kumetulia. Nanyi wa upande wa mbele, mnaoandika kile mtumiaji anachokiona, fetch, ile amri ya JavaScript ya kuiomba seva data, haihesabu 404 wala 500 kuwa kushindwa. Jibu likifika tu, kwake kazi imekwisha. Usipokagua response.ok, inayosema kama namba ya jibu ni ya mafanikio, unamwonyesha mtu rangi ya kijani juu ya kitu kilichoanguka. Na ule ujumbe wa "Unexpected token <" unaowakosesha watu usingizi? Alama hiyo ndiyo herufi ya kwanza ya ukurasa wa HTML. Uliomba JSON, ukaletewa ukurasa wa kosa. Soma jibu ghafi kabla hujagusa mstari wowote wa msimbo.

Hata kosa la CORS, yaani kivinjari kinapouzuia ukurasa kusoma jibu la seva ya tovuti nyingine isiyotoa ruhusa, kabla hujaanza kuzima ulinzi wa kivinjari, angalia logi za seva, yaani daftari lake la matukio: wakati mwingine ni 500 ya kawaida ambayo jibu lake halikuwekewa vichwa vya ruhusa vinavyotakiwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba mtumiaji hapaswi kumwagiwa maelezo yote ya kosa. Majina ya majedwali na njia za mafaili ni zawadi kwa mvamizi. Basi mpe sentensi fupi ya ukweli, "Hatukuweza kuhifadhi, jaribu tena", pamoja na namba ya kumbukumbu, na undani wote uuandike kwenye logi ukiwa na namba hiyohiyo. Kwani hilo ni gumu?

Jana nimehesabu. Logi zinaonyesha fomu ilitumwa mara 212. Kwenye jedwali kuna rekodi 171. Kati ya 41 zilizopotea, tatu ni za mama yule. Za wengine logi imehifadhi tarehe, saa na ile 200. Majina yao hayamo popote.