Boksi la 8K na Shangazi Aliyeganda

Mimi sikuomba makuu. Nilitaka tu shangazi wa mke wangu acheze kwenye tivii.

Mwenzenu nina seva nyumbani, yaani kompyuta ya kuhifadhi video ili vifaa vingine vya humo ndani vizichote kwa mtandao. Msicheke. Seva yangu ni laptopu ya mwaka 2012, kioo kimepasuka kona, herufi A imeng'oka, inaishi stoo juu ya ndoo ya unga na ubavuni imechomekwa hadi diski ya tera moja. Mama watoto anaiita "hilo litakataka lako linalokula luku". Nimeiwekea Jellyfin, programu ya bure ya kupanga na kurusha video, ambayo ilizaliwa mwaka 2018 baada ya wenye programu ya Emby kufunga msimbo wao. Humo nimepanga katuni za watoto, mawaidha ya mama mkwe, DVD zangu za zamani, na video ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mama watoto.

Hiyo video ndiyo chanzo cha yote. Fundi alikuja na kamera mbili na ile droni yake iliyotaka kumnyoa sheikh, kisha akatukabidhi faili moja la dakika arobaini, la 4K, yaani picha kali kabisa, limebanwa kwa mtindo uitwao H.265, giga sita. Giga sita! Harusi yangu mimi ilienea kwenye mkanda mmoja wa VHS, na bado nafasi ikabaki mtu akarekodia mpira.

Tivii yetu si smati. Ina tundu la HDMI, tundu la flashi, na kiburi. Nikajaribu flashi, ikakataa: ilikuwa na fomati ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika giga nne, hata kama flashi yenyewe ni ya giga 32 na iko tupu kama friji yangu tarehe 25. Nikaigeuza kuwa exFAT, mpangilio mpya zaidi usio na kikomo hicho. Faili likaingia, tivii ikasema haioni flashi yoyote. Na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Tanga, anakuja kuangalia harusi ya mwanawe.

Nikapanda daladala hadi Kariakoo.

"Karibu tajiri!" Kariakoo ukiitwa tajiri, shika mfuko. Nikamwambia kijana nataka boksi la kuchomeka kwenye tivii, lisome video kutoka kwenye seva yangu. Niliposema "seva yangu" nilijinyoosha kidogo. Akanishushia boksi jeusi, dogo kama sahani ya kahawa, kava limeandikwa 8K, Android 14, RAM giga 8, nafasi giga 128.

"Linafungua H.265 ya 4K?" nikauliza, maana nilikuwa nimesomasoma.

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, hili ni 8K. Nane itashindwaje na nne?"

Hesabu ikaniingia. Tukaanza na elfu themanini, tukashuka hadi sitini na tano, akaniongezea waya wa HDMI wenye urefu wa kiganja. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu wa 8K.

Usiku ule familia nzima sebuleni. Mama mkwe kwenye kochi kubwa na miwani yake, watoto mkekani, mimi nimeshika rimoti kama mwenyekiti wa mkutano. Harusi ikaanza. Bibi harusi akaingia vizuri. Kisha ukafika wakati wa kutunza, shangazi akajitokeza kwenye foleni na noti yake.

Hapa lazima niwaeleze. Shangazi huyu tangu siku ya harusi anatangaza mji mzima kwamba alitunza msimbazi tupu, elfu kumikumi, hakuchanganya. Yeye na mama mkwe ni mawifi, miaka arobaini sasa, na sitasema zaidi ya hapo.

Basi shangazi akainua mkono, akazungusha kiuno, noti ikakaribia paji la uso la bibi harusi, akaganda. Mdomo wazi, mkono hewani, noti imekuwa bonge la wekundu lililoyeyuka, na juu ya pua yake kinazunguka kile kiduara. Kule stoo nasikia feni ya laptopu inanguruma kama fuso la viazi linapanda mlima Kitonga.

"Kwani hatoi?" mama mkwe akauliza.

"Atatoa mama, subiri kidogo."

Tukasubiri. Shangazi akasogea kidole kimoja, akaganda tena.

"Huyu hata siku ile alichelewa kutoa."

Nikampigia mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta chuoni. Akaja kesho yake, akafungua dashibodi ya Jellyfin, akacheka peke yake, tabia ambayo mafundi wote wanayo na inaniudhi sana. Kumbe boksi likishindwa kufungua video lenyewe, linamwambia seva: sielewi lugha hii, nitafsirie. Seva inageuka mkalimani, inatafsiri kila picha papo hapo. Sasa H.265 ilipitishwa mwaka 2013 na laptopu yangu ni ya 2012. Yaani namlazimisha babu atafsiri lugha iliyozaliwa yeye ameshastaafu! Boksi zuri linacheza faili lilivyo, seva inabaki kama karani wa masijala, kazi yake kutoa jalada na kurudi kulala. Kumbe yale ya RAM na nane zake yalikuwa mapambo. Swali langu la dukani lilikuwa sahihi kabisa, nikaliua mwenyewe kwa hesabu za nane na nne.

Halafu akalipima boksi lenyewe. RAM giga 8 ikawa giga 1. Nafasi giga 128 ikawa 8. Android 14 ikawa 10. Kila alipotaja namba nilijisikia kama mtu anayesomewa matokeo ya mwanawe mbele ya wageni.

"Tena hili linashika masafa ya polepole, gigahezi 2.4 peke yake," akasema, "na stoo iko nyuma ya kuta tatu. Bibi, hata lingekuwa zuri, hapa kuna tatizo la wifi."

Alivyoitamka Wi-Fi kwa mkato hivyo, mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nimelisema hilo tangu mwaka 1984."

Tungeweza kuvuta waya, maana nyuma ya boksi kuna tundu la megabiti 100 kwa sekunde, na harusi yetu inakula kama 20 tu. Lakini mpwa akaniharibia usingizi. Akasema Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu maboksi ya bei poa kama haya: mengine yanatoka kiwandani yameshapandikizwa virusi, yanaingizwa kwenye mtandao wa wahalifu unaoitwa Badbox 2.0, na mwezi uliofuata Google ikaenda mahakamani ikitaja vifaa zaidi ya milioni kumi. Tangu hapo nikawa naliangalia lile boksi kama mgeni anayeuliza mshahara wako. Nikalichomoa.

Nikalirudisha dukani. Kijana akasema tatizo ni tivii yangu, haina 8K.

Sasa nikaanza kutafuta kwa akili, na akili ni ghali. Mpwa akasifia Raspberry Pi 4, kijikompyuta kidogo, na programu ya kuchezea video iitwayo Kodi ndani yake, kwamba H.265 ya 4K inaifungua yenyewe. Sawa, lakini ukijumlisha chaja, kadi ya kumbukumbu na kava, urahisi umeshapotea njiani, halafu nianze kumfundisha mama mkwe kutumia kipanya! Kaka yangu aliye Marekani akaniambia kwao Walmart wana kiboksi chao cha Onn, 4K, chini ya dola ishirini. Dola ishirini! Nikamwambia kaka niletee. Akasema anakuja Desemba. Mwaka gani, hakusema.

Mwishowe nikavunja kibubu, nikanunua Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, laki na themanini. Kava limeandikwa RAM giga 2, nafasi giga 8. Muuzaji mwenyewe akanionea aibu, "Mzee, hii si ndogo?" Nikamwambia hiyohiyo. Tumepima, mbili ni mbili kweli, na nane ni nane kasoro zile zinazoliwa na mfumo. Halina tundu la waya wa mtandao, hilo limenikera, ila Wi-Fi ya gigahezi 5 linayo, na ruta nimeihamishia koridoni juu ya kabati la viatu, ambako mama watoto anaitazama kwa jicho baya kila asubuhi.

Lile la 8K? Liko chini ya mguu wa kabati la vyombo lililokuwa likiyumba. Hapo linafanya kazi vizuri kabisa.

Ijumaa tukakaa tena. Stoo kimya. Nilienda kuchungulia nikidhani laptopu imekufa, kumbe imetulia, hata joto haina. Harusi ikatiririka kama maji. Shangazi akajitokeza, akainua mkono, akazungusha kiuno, noti ikafika kwenye paji la uso la bibi harusi, ikang'aa, kila mstari unaonekana, kila namba inasomeka.

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Elfu mbili. Ya pili, elfu mbili. Ya tatu akaipeleka, ikagusa paji la uso, halafu akarudi nayo mkononi.

Tulirudia mara tisa. Siku ya pili mama mkwe aliomba afundishwe rimoti, na kwa mtu aliyekuwa akiiogopa, alishika haraka mno kitufe cha kusimamisha. Majirani wawili walikaribishwa chai.

Jumapili jioni simu ikalia. Shangazi. Akasalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza kazi, akauliza hadi bei ya mchele huku kwetu. Kisha akashusha sauti.

"Mkwe wangu, nasikia umenunua boksi jipya. Lile la mwanzo lilikuwa na ubaya gani?"