Kipande cha Uvimbe Huku, na Kipande cha Uvimbe Kwetu

Mtoto wa jirani yetu wa Kisauni alitapika kila asubuhi kwa miezi mitatu, akilalamika kichwa, hata mwendo wake ukawa wa kuyumba. Akatibiwa malaria, kisha minyoo, na nyanyake akamnywesha kombe kwa imani na mapenzi, wala simlaumu. Alipopigwa picha ya kichwa, uvimbe ulikuwa umekwisha kuziba njia ya maji ya ubongo.

Mimi niko Uingereza mwaka wa kumi na mbili sasa, nikipokea na kusajili sampuli katika maabara ya hospitali ya watoto, na mtoto yule hanitoki moyoni. Huku, daktari akishatoa uvimbe kwenye serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili, kipande chake hakiishii kwenye darubini, bali jeni zake husomwa pia. Meduloblastoma, saratani ya watoto inayoota hapo kwenye serebelamu, ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ugonjwa mmoja, mpaka mwaka 2012 watafiti walipokubaliana kwamba ina makundi makuu manne, na kila kundi lina tabia yake. Katika kundi liitwalo WNT, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona. Katika kundi la tatu, hasa nakala za jeni ya MYC zinapozidi, ugonjwa huwa mkali mno. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuwapunguzia mionzi watoto wa WNT, kwani mionzi hiyo inayoua uvimbe huudhuru pia ubongo unaokua, na mtoto aliyepona huweza kubaki mzito wa kujifunza na mfupi wa kimo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Watu wa kwetu husema siri ni dawa za Ulaya, nami sikubaliani nao. Vinkristini, dawa ya zamani inayotumika mpaka leo kwa uvimbe huu, hutoka katika mmea wa Madagaska ambao maua yake ya rangi ya waridi yamejaa nyuani mwetu Mombasa. Tunachokosa zaidi ni picha ya kichwa kupigwa mapema, pale mama anaposema mwanawe anatapika alfajiri na ameanza makengeza, na maabara ya kukisoma kile kipande.

Wala kwetu hatukosi watu. Mtaa mzima ulichanga, na wanawake wakapokezana kulala wodini, jambo ambalo akina mama wengi ninaowaona huku, wakiwa peke yao na simu zao, hawalipati.

Baada ya upasuaji, mamake alinipigia simu kuniuliza uvimbe ule ulikuwa wa aina gani. Nilimwambia aulizie majibu ya maabara. Aliyafuatilia mpaka mtoto akazikwa, na hayakutoka.